Hale ni Kiskoti, slàinte ni Kigaeli

Kila tarehe 25 Januari, Waskoti wanapomkumbuka mshairi wao Robert Burns na glasi zikainuliwa, hakosi mtu wa kueleza kwamba "slàinte" ni neno la Kiskoti lenye maana ya afya. Maana kapatia, lugha kakosea. Slàinte ni Kigaeli, lugha ya Kikelti, nduguye Kiayalandi. Kiskoti ni cha jamii ya Kigermaniki, kimezaliwa tumbo moja na Kiingereza. Wamaasai na Wachaga wote wanauona Kilimanjaro, lakini hakuna anayeliita neno la Kimaasai la Kichaga.

Kiskoti kina "heal", nomino, yaani afya, na "hale", kivumishi. Katika maandishi ya kale utalikuta hilo la pili limeandikwa "haill".

Hale ndilo lenye utamu. Mswahili halihitaji maelezo marefu, maana ni -zima, kwa pande zote mbili: "the hale day" ni siku nzima, na mtu aliye hale ni mzima, haumwi. Asili yake ni "hāl" ya Kiingereza cha kale. Kusini mwa Uingereza ile ā ndefu iligeuka o. Kaskazini na Uskoti ikaelekea e. Ndiyo maana jiwe ni "stone" kusini na "stane" kwa Waskoti, nyumbani ni "home" na "hame". Hāl nayo ikawa "whole" huku na "hale" kule. Ile w ya whole ilibandikwa baadaye, mnamo karne ya 15, na mpaka leo haitamkwi.

Kwa hiyo wanaosema hale ni whole iliyoharibiwa na Waskoti wamepindua mambo. Ni ndugu wawili, hakuna aliyemzaa mwenzake. Tena Kiingereza sanifu kimelichukua umbo hilo la kaskazini, nacho hulitumia zaidi kumsifia mzee ambaye bado ana nguvu zake.

Kinachowachanganya watu, nadhani, ni kwamba slàinte nayo imetokana na neno la Kiayalandi cha kale, "slán", ambalo maana yake ni... mzima. Wazo ni lilelile, ila mizizi haihusiani hata kidogo.

Basi ukitaka kutakia afya kwa Kigaeli, sema "slàinte mhath", na utamke takriban "slaanche va": mh husomeka v, na th ya mwisho haisikiki. Ukitaka Kiskoti, Waskoti wenyewe husema "lang may yer lum reek", dohani yako na ifuke moshi miaka mingi. Humo hamna neno afya kabisa, ila hiyo "lang" ni "long" ya Waingereza.