Jiwe, ndimu na modeli: dhana potofu kuhusu kutabiri hewa ukaa Tanga

Vijana wa hapa Tanga wanaosomea data wameanza kuniuliza namna ya kutabiri hewa ukaa (kaboni dioksidi) inayotolewa na mkoa kwa modeli za kompyuta zinazojifunza. Nafurahi mno. Ila wengi huanza na dhana kwamba kuna kipimo mahali kinachonusa hewa ya mkoa mzima na kuandika tarakimu.

Hakuna. Hewa ukaa ya mkoa hukokotolewa: lita za dizeli zilizochomwa, zidisha kwa takriban kilo 2.7 kwa kila lita. Daftari la mauzo ya mafuta likiwa na pengo, modeli italirithi.

Dhana nyingine: "Moshi mweusi ndio hewa ukaa." Hewa ukaa haina rangi wala harufu. Chukua kokoto ya jiwe la chokaa, jiwe la aina ile ile ya Mapango ya Amboni, iponde, kisha ikamulie ndimu. Sogeza jicho karibu: vipovu vinavyochomoza ni hewa ukaa iliyofungwa ndani ya jiwe. Tanuri la saruji huifungua kwa moto. Kilo 100 za kalsiamu kaboneti safi hutoa kilo 44 za hewa ukaa, na kilo 56 za chokaa hubaki. Hata joto hilo lingetoka kwenye jua, zile kilo 44 zingetoka vilevile. Basi anayetabiri hewa ukaa ya Tanga kwa idadi ya watu na mauzo ya mafuta peke yake, ameliacha tanuri la saruji la hapa nje ya hesabu. Na ahesabu tani za klinka, yaani vidonge vigumu vinavyotoka tanurini kabla ya kusagwa kuwa saruji, si mifuko ya saruji, maana klinka yaweza kuchomwa mkoa mmoja ikasagwa mwingine.

"Modeli yangu ina usahihi wa asilimia 98." Umeijaribu vipi? Ukiichanganya miaka kama karata, ukaifundisha 2019 na 2021 kisha ukaiuliza 2020, hapo umeziba pengo, hujatabiri. Fundisha hadi 2018, uliza 2019 na kuendelea. Halafu ishindanishe na utabiri mwepesi kuliko yote: mwaka ujao utakuwa kama huu. Ikishindwa, iache bila huruma.

Modeli za miti ya maamuzi, zinazokisia kwa mfululizo wa maswali ya ndiyo au hapana, zina kasoro inayonisumbua zaidi kwa mji wenye bandari inayopanuka: kwa kawaida hazivuki kiwango cha juu zilichokiona wakati wa kufundishwa. Likiwashwa tanuri jipya, zitabaki palepale. Afadhali uzifundishe kutabiri badiliko la mwaka hadi mwaka.

Mwisho, umeme. Taa ya Ngamiani, mtaa wa hapa Tanga mjini, hupata umeme wa gridi ya taifa, ambamo mna maji ya Hale na Pangani, na pia gesi inayochomwa Dar es Salaam. Je, unahesabu palipochomwa au palipotumika? Yote mawili yana maana, lakini chagua moja, uliandike juu ya jedwali kabla hujafungua programu.