Injili ipi, mtume yupi?

Juzi tena, msibani hapa Bagamoyo. Baba mmoja wa makamo akanishika mkono: "Mwalimu, dini zote ni moja, zinatofautiana majina tu." Nikanyamaza kwa heshima ya marehemu. Hapa hakuna maiti, kwa hiyo nasema: yanayofanana ni majina. Vitu vyenyewe ndivyo vinavyotofautiana.

Kiswahili chetu kina mkono katika kosa hili. Mapadri wa Roho Mtakatifu walipojenga misheni hapa mwaka 1868, pwani ilikuwa imeshazoea nabii, malaika, dhambi, toba, maneno ya Kiarabu yote. Wakristo nao wakayatumia. Shehe na padri wakawa na kamusi moja, na msikilizaji akadhani wana somo moja.

Chukua Injili. Kwa Mwislamu ni kitabu alichoteremshiwa Nabii Isa, kama Musa na Taurati. Kwa Mkristo, Yesu hakuteremshiwa kitabu. Injili ni habari njema inayomhusu yeye mwenyewe, wakaiandika wengine baada yake, mara nne. Halafu watu wawili wanabishana barazani mpaka adhana kama Injili "imebadilishwa", na hakuna aliyemuuliza mwenzake anasema ipi. Mtume ni hivyo hivyo. Mwislamu akisema Mtume bila kutaja jina, ni Muhammad (S.A.W.). Mkristo anawaza Petro na wenzake, na Paulo, ambaye hata kwenye wale kumi na wawili hakuwemo.

Linaloniudhi kuliko yote ni kuweka Kurani mkabala na Biblia. Mizani hiyo imepinda! Kwa Mwislamu Neno la Mungu lilishuka likasomwa. Kwa Mkristo Neno lilifanyika mwili, likazaliwa. Mkabala na Kurani mweke Yesu, ndipo mambo yanaeleweka. Mtoto wa madrasa anahifadhi juzuu kwa Kiarabu hata kabla ya kujua maana, na jirani yake anajiandaa kwa komunyo ya kwanza. Wote wawili wanataka Neno liingie ndani yao, mmoja kwa ulimi anaosomea, mwingine kwa ulimi anaopokelea.

Wabudha nitawapitia mbio. Buddha hakuanza na Muumba, alianza na mateso na tamaa inayoyazaa. Na tafadhali, karma, yaani matendo yanayozaa matokeo yake yenyewe, si thawabu: haina Rakibu wala Atidi, wale malaika wa kuandika matendo.

Mafunzo ya pamoja yapo, hasa kwenye kutoa. Sewa Haji, Mwismailia (madhehebu ya Kishia), alitoa fedha za hospitali Dar es Salaam, na hakuna mgonjwa aliyelazimika kuwa Mwismailia. Ila hata hapo sababu haziko sawa: zaka ni haki ya maskini iliyomo ndani ya mali yako, wakati dana, utoaji wa Wabudha, inamlegeza mtoaji mkono ulioshikilia mali.

Kuna mtu mmoja ananisumbua kila mwaka darasani. Asubuhi kapeleka ubani mzimuni, adhuhuri yuko safu ya mbele msikitini. Nimekuwa nikimweka chini ya "mila" ili jedwali langu la dini likae vizuri, na nazidi kuamini kwamba jedwali ndilo bovu. Huenda hata neno "dini" haliwatoshi watu wote ninaowafundisha.

Na yule baba wa msibani? Marehemu alikuwa Mwislamu. Yeye ni Mkristo, na tangu saa mbili asubuhi alikuwa kaburini na jembe. Ningemsahihisha saa ngapi?