Uzito wa Black Sabbath si volyumu, ni nyuzi zilizolegea

Kazi yangu ni saundi. Harusi za Majengo na Kisauni, taarab, bendi za hoteli kuanzia Nyali mpaka Diani, popote palipo na spika na miksa na mtu anayetaka kusikika. Na kila nikipanga nyaya nimevaa tisheti yangu nyeusi lazima atokee mtu aniulize, sasa wewe mtoto wa Mombasa hizi kelele za mashetani wazipendea nini? Zamani nilikuwa nacheka tu, siku hizi namkalisha chini namwelezea, manake kwa fundi wa sauti hakuna bendi inayofundisha kama Black Sabbath, wale Waingereza wa muziki wa metali (heavy metal), na wengi hata wanaowapenda hawajui ule uzito unatoka wapi. Wanadhani ni volyumu. Volyumu kila mtu anayo bana, ukiwa na pesa ya kukodi spika unayo.

Rudi Birmingham, mji wa viwanda Uingereza, kabla bendi haijaundwa. Tony Iommi, mpiga gitaa wao, ana miaka 17, anafanya kazi kwenye kiwanda cha mabati, na ilikuwa ndo siku yake ya mwisho pale kazini, mashine ikamkata ncha za vidole viwili, cha kati na cha pete, mkono wa kulia. Sasa yeye anapiga gitaa kwa kushoto kwa hivyo huo wa kulia ndo unaobana nyuzi. Mtu mwengine angeuza gitaa. Huyu akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akajitengenezea vifuniko vya vidole, juu akabandika kipande cha ngozi ili visiteleze. Lakini kifuniko hakisikii uzi, na uzi mzito unauma, na Uingereza wakati ule nyuzi nyembamba za gitaa hazikuwa zikiuzwa, basi akawa anachukua nyuzi za banjo anazifunga kwenye gitaa. Baadaye akaona bado, akaanza kuzilegeza. Albamu yao ya tatu, Master of Reality ya 1971, sehemu kubwa ameshusha nusu-toni (hatua ndogo kabisa kati ya noti na noti) tatu nzima.

Hapo ndo nataka tukae kidogo. Uzi wa chini kabisa wa gitaa lililotuniwa kawaida unatoa kama Hz 82, yaani mitetemo 82 kwa sekunde, ukishusha nusu-toni tatu unafika Hz 69, kwenye karatasi waona si kitu. Lakini uzi uliolegea haufanyi kazi kama uliokazwa, unatembea upana zaidi, ukiupiga kwa nguvu noti inaanza juu kidogo halafu inazama, na ile kuzama ndo sikio linasikia kama kitu kizito kinatua chini. Juu yake kuna Geezer Butler, ambaye alikuwa mpiga gitaa kabla ya kushika besi, kwa hivyo hapigi besi ya kujibu kama tulivyozoea kwenye muziki wetu wa pwani, yeye anafuata rifu (kile kipande cha gitaa kinachorudiwa) ile ile ya Iommi chini yake, naye ameshusha vile vile, sasa una Hz 69 na chini yake kama Hz 35 zinatembea pamoja. Mtu akisikiza haoni gitaa na besi, anasikia chombo kimoja kikubwa. Na nyuma yao Bill Ward, ambaye alikulia kwenye jazi ya bendi kubwa, dramu zake zinabembea, hazipigi msumari kama metali nyingi ya leo. Mtu wa chakacha akimsikiza vizuri ataelewa kiuno kipo pale, polepole lakini kipo.

(Vijana wa bendi hapa huniletea gitaa wameshusha mpaka C#, zile nusu-toni tatu, na nyuzi zile zile za kawaida halafu wanalalamika halikai tuni. Weka nyuzi nene zaidi, mwanangu. Iommi alikuwa na sababu yake, wewe una vidole kumi vizima. Na hii hewa yetu ya chumvi inakula nyuzi, zipanguse kila ukimaliza kupiga na usiliache gitaa nje ya kasha usiku.)

Bendi yenyewe ilianza 1968, wakajiita majina mengine kwanza, wakawa Earth, kumbe kuna bendi nyengine inaitwa hivyo hivyo, wakachukua jina la filamu ya kutisha ya 1963 aliyocheza Boris Karloff. Basi mashetani yenyewe ndo hayo, filamu ya sinema. Albamu ya kwanza waliirekodi siku moja tu Oktoba 1969 ikatoka tarehe 13 Februari 1970, na mimi napenda sana kuisikiza kama fundi kwa sababu kimsingi ni shoo ya laivu isiyokuwa na watu, wameingia studio wamepiga vile walivyokuwa wakipiga kwenye vilabu, wamebeba vyombo wameondoka. Siku hiyo hiyo pikapu (kifaa kinachonasa sauti ya nyuzi) ya gitaa la Iommi, Stratocaster, ikazima wakati wa kurekodi, akachukua Gibson SG aliyokuwa nayo kama spea na akabaki na SG maisha yake yote. Mwaka haujaisha, Septemba, albamu ya pili, Paranoid, imetoka, ikashika namba moja Uingereza.

Miaka iliyofuata ni pesa, unga, mameneja, ugomvi, hadithi mwazijua. Mwimbaji wao Ozzy Osbourne akafukuzwa 1979, akaingia Ronnie James Dio na 1980 wakatoa Heaven and Hell, albamu ambayo mimi kisauti naiweka juu kuliko nyingi za Ozzy na najua nitatukanwa. Baada ya Dio wakaja waimbaji wakaenda, aliyebaki muda wote bila kutoka ni Iommi peke yake. Miaka ya themanini naruka, isipokuwa kisa kimoja ambacho kila fundi wa steji anakipenda: 1983 walitaka jukwaa la mfano wa Stonehenge, yale mawe makubwa ya kale ya Uingereza, vipimo vikaandikwa futi vikasomwa mita, likajengwa dude ambalo kumbi nyingi halikuingia. Sisi huku tunabishana kuhusu tenti la harusi kumbe wakubwa nao hivyo hivyo.

Wale wanne wa mwanzo walirudiana 1997 nyumbani Birmingham, albamu inayoitwa 13 ikatoka 2013 bila Bill Ward, ziara ya kuaga ikaisha Februari 2017, tukajua basi. Halafu ikaja tarehe 5 Julai 2025, uwanja wa Villa Park, mtaa wa Aston walikokulia, watu zaidi ya 40,000 na wengine sisi tuko kwenye mtandao tumelipia. Metallica, Slayer, Tool, Pantera, Gojira, Guns N' Roses, wote siku moja, kila mmoja anapiga nyimbo chache anapisha. Mimi jicho langu lilikuwa kwenye jukwaa manake lilikuwa la kuzunguka, bendi moja iko mbele inapiga na nyuma yake inayofuata inafungiwa dramu na maiki, likigeuka wameshakuwa tayari. Bila hivyo kwa bendi zote zile ungemaliza kesho asubuhi. Ozzy ana ugonjwa wa Parkinson, kusimama hawezi, ameimba ameketi kwenye kiti cheusi cha enzi, na Bill Ward safari hii yupo nyuma ya dramu, nyimbo nne tu na Sabbath. Sauti ya Ozzy ilikuwa inayumba sehemu, nisidanganye, lakini rifu ikiingia chini yake unaona uwanja mzima unaimba sehemu ya gitaa, si maneno, gitaa. Tarehe 22 mwezi ule ule Ozzy akafariki.

Watu huuliza kwani kuwa pale na kusikiza kwa spika nzuri nyumbani kuna tofauti gani. Hesabu yake ni hii. Wimbi la Hz 69 lina urefu wa kama mita 5, la Hz 35 kama mita 10. Uwanjani lina nafasi ya kufunguka na kukupita, linagonga kifua linaenda zake. Lete rifu ile ile kwenye ukumbi wetu wa kawaida, upana mita 10, ukuta wa zege, juu mabati, wimbi linajaa chumba kizima linarudi linakutana na lenyewe, basi pembeni besi inanguruma mpaka viti vinatetemeka na hatua chache katikati haipo kabisa. Mwenye hafla atakuja akwambie ongeza. Ukiongeza umeharibu. Kile ninachofanya mimi ni kupunguza, nakata gitaa kwenye Hz 200 mpaka 300 ambapo matope, yaani sauti iliyovurugika, hukaa, sabufa naziweka pamoja sehemu moja badala ya kuzitawanya kushoto na kulia, na amplifaya za jukwaani naziomba zishuke. Metali ya polepole kama Sabbath inavumilia ukumbi mbaya kwa sababu mwangwi unapata muda wa kufa kabla noti nyengine haijaja. Ile ya kasi, dramu za miguu miwili mfululizo, kwenye mabati inakuwa uji. Ndo maana kitu kama Duma, wale wawili wa Nairobi waliotoa albamu 2020 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, chini yao ni mashine ya dramu, naona mashine ni rahisi kuidhibiti, unaikata unapotaka, dramu ya ngozi haikusikizi.

Na masikio jamani. Desibeli 85 unaweza kukaa nazo masaa manane, kila zikipanda 3 muda unakatika nusu, ukifika 100 umebaki na dakika 15, na shoo ya metali inapita 100 bila jasho. Pamba haisaidii, inakula sauti za juu kidogo na besi inapita kama kawaida. Nunua viziba masikio vyenyewe vya silikoni.

Kama hujawahi kuwasikiza usianzie kwenye spika ya simu, chini ya Hz 200 haina kitu cha maana, utasikia gitaa jembamba na mzee analia halafu uje uniambie sioni uzito. Hedifoni nzuri, au muombe makanga wa matatu yoyote yenye sabufa ya maana akuwekee Master of Reality kuanzia Mtwapa, na ukimpata anayekubali nitumie namba ya gari.