Tube Screamer na RAT kwenye kasha moja: poti zipi zitumike kwa pamoja

Ukitaka kuzitia Tube Screamer na RAT, saketi mbili za pedali za kukwaruza sauti ya gitaa, kwenye kasha moja, usianze kutoboa matundu. Amua kwanza ni poti (vidhibiti vya kuzungusha) zipi zitakazotumika kwa pamoja, maana uamuzi huo ndio unaobadilisha vipuri vya kwenye bodi.

Volyumu ni rahisi. Saketi zote mbili zina poti ya 100k ya logi (ya logarithimu, haipandi sawasawa) karibu na mwisho: RAT huiweka baada ya JFET (aina ya transista), Tube Screamer kabla ya transista ya mwisho. Transista hiyo ya mwisho usiifunge kabisa. Pitisha kila saketi kwenye kapasita yake ya 1 µF hadi kwenye swichi, kisha poti moja ifuate baada ya swichi. Upande wa swichi, kila kapasita ipate rezista ya 1M kwenda ethi, bila rezista hiyo chaji hukosa pa kutokea, na spika hupiga "pu!" kila unapobadili saketi. Ile yenye sauti kubwa zaidi ipunguze kwa trimpoti (poti ndogo ya kwenye bodi) ya 100k kabla ya swichi, la sivyo volyumu moja haitazifaa zote mbili.

Kazi iko kwenye geini, yaani kiasi cha kukuza sauti. Poti yake imo ndani ya njia ya mrejesho ya IC (njia inayorudisha sehemu ya sauti ya chipu ya kukuza kwenye ingizo lake), kwa hiyo haiwezi kuhudumia IC mbili. Inatakiwa poti pacha, yaani mbili kwenye shafti moja. Lakini RAT inataka 100k na Tube Screamer 500k, wakati poti pacha za kawaida zina thamani moja pande zote. Wengi huchukua ya 500k na kufunga rezista ya 120k sambamba upande wa RAT. Kwenye multimita inapendeza: mwisho wa poti unasoma kama 97k. Tatizo ni kwamba poti ikifika 250k tu, tayari umepata 81k. Geini karibu yote inarundikana mwanzoni, na mzunguko uliobaki haubadilishi kitu.

Mimi nafanya kinyume: nachukua poti pacha ya 100k ya logi, halafu nashusha rezista za geini za Tube Screamer karibu mara tano na kupandisha kapasita zake kwa kiasi hicho hicho. Rezista ya 51k inakuwa 10k, ya 4.7k inakuwa 1k, kapasita ya 0.047 µF inakuwa 0.22 µF, na ile ya 51 pF inakuwa 270 pF. Geini ya juu kabisa inatoka 118 hadi 111, na besi inaendelea kukatwa karibu na 720 Hz kama mwanzo. Dayodi zinazokata vilele vya sauti zinapata mkondo karibu mara tano zaidi, lakini volti zake hazipandi hata 0.1.

Waya za poti hii ziwe fupi sana, kwa sababu zimeshika mguu wa IC unaonasa kila kitu. Kapasita ya 270 pF, na ile ya 100 pF ya RAT, zibaki kwenye bodi ubavuni mwa IC. Waya mrefu ukipita karibu na jaki ya kutolea, geini ikiwa juu utasikia mluzi.

Toni sishauri kuichanganya. Ya RAT ukizungusha kulia sauti inafifia, ya Tube Screamer inang'aa, na saketi zake hazifanani hata kidogo. Weka poti mbili.

Swichi ya kuchagua saketi iwe 4PDT (safu nne, kila moja na njia mbili). Safu mbili zipeleke ingizo la kila saketi ama kwenye jaki ama kwenye ethi, ili saketi iliyopumzika isikuze kelele. Ya tatu ichague sauti inayotoka, ya nne iwashe LED. Baipasi, yaani kupitisha gitaa bila kugusa saketi, ibaki kwenye 3PDT (swichi ya safu tatu) yake.

Umeme wa 9 V ugawe kwa rezista ya 100 Ω na kapasita ya 100 µF kwa kila saketi, na kila moja iwe na 4.5 V yake.

Kabla ya kufunga kasha, pima. Mguu wa 6 wa LM308 (IC ya RAT), na wa 1 na wa 7 wa 4558 (IC ya Tube Screamer), yote isome karibu 4.5 V. Mmojawapo ukikaribia 0 au 9, huenda mrejesho umekatika. Angalia kwanza lehemu ya poti pacha.