Vikiharibika, mwalimu asidaiwe

Kwa miaka kadhaa nimesimamia fungu la kusaidia shule katika kampuni ya uhandisi, na kila mwaka ombi la kwanza mezani ni lilelile: kompyuta. Si ajabu. Kompyuta hupendeza pichani, hasa kukiwa na utepe wa kukata mlangoni.

Kuna maabara tuliyoizindua kwa mbwembwe. Niliporudi baada ya miezi minane, nilikuta darubini zimo kwenye nailoni zake. Mwalimu aliogopa kuvunja kitu asichoweza kukilipa, nasi hatukuwahi kumwambia kwamba kuvunjika tulikuwa tumekupigia hesabu. Kosa lilikuwa letu.

Na hata kifaa kikitumika, chenyewe hakitoshi; Peru waliliona hilo kwa kiwango kikubwa zaidi. Waligawa kompyuta za mpango wa One Laptop per Child (kompyuta moja kwa kila mtoto), na utafiti uliotoka mwaka 2012, uliohusisha shule 319, ukaonyesha kuwa watoto walizitumia kwelikweli, ila alama za hisabati na lugha hazikupanda.

Sasa linganisha na hili. Mhandisi wetu mmoja alikwenda shuleni kufundisha saketi za umeme. Mbele ya darasa zima akaunganisha kitaa kidogo cha LED moja kwa moja kwenye betri ya volti 9. Ikamulika kufumba na kufumbua, ikafa. Alikuwa amesahau resista, kile kijipande kinachopunguza mkondo wa umeme! Msichana wa dawati la mbele akauliza, "Imeshiba kupita kiasi?" Wakaanza kupiga hesabu: betri ina volti 9, LED nyekundu inachukua kama 2, zinabaki 7. Ukitaka mkondo wa ampea 0.02, gawanya 7 kwa 0.02, unapata ukinzani wa omu 350. Lakini resista za kawaida ni za omu 330 au 390, hakuna ya 350. Ichukuliwe ipi? Walibishana mpaka kengele ikalia. Hasara yetu siku hiyo: LED moja, kitu cha bei ya peremende.

Ndiyo maana siku hizi fungu kubwa naliweka kwenye vitu vinavyoisha (betri, waya, resista, kemikali) na kwenye muda wa watu. Mfanyakazi arudi darasa lilelile kila mwezi, kwa saa za kazi zinazolipwa, si Jumamosi yake. Kabla ya hapo akae na mwalimu, wafanye jaribio wawili tu, wakosee bila kutazamwa. Hotuba za "mimi nilianzia chini kama ninyi" nimezipunguza sana.

Jambo jingine ni nani anabaki na mradi kampuni ikiondoka. Marekani kuna shindano la sayansi la wanafunzi wa sekondari, Science Talent Search, lililoanza mwaka 1942 chini ya udhamini wa kampuni ya Westinghouse. Mwaka 1998 udhamini ukaenda Intel, na tangu 2017 uko kwa Regeneron. Shindano halijafa kwa sababu linaendeshwa na taasisi nyingine, Society for Science. Kampuni huingia na kutoka. Mradi unaoishi ndani ya idara ya mawasiliano ya kampuni hufa siku mkurugenzi akibadilishwa.

Zile darubini tulizitoa kwenye nailoni pamoja, mimi na mwalimu. Kabla hajagusa ya kwanza aliniomba nimwandikie kwenye karatasi, kwa kalamu na sahihi, kwamba kifaa kikivunjika wanafunzi wakikitumia, yeye hadaiwi. Sentensi hiyo sasa imo katika kila mkataba wetu na shule.