Kagua nyumba ya kupangisha kabla mvua haijakukagulia

Wenye nyumba wengi hukagua vyumba vyao siku mbili tu: siku mpangaji anapohama na siku anapokataa kulipa. Siku zote mbili huwa wamechelewa. Sehemu kubwa ya Uganda hupata mvua Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba, kwa hiyo ukaguzi wenye maana ni wa Februari na Agosti, bati likiwa kavu na mafundi wakiwa bado hawajaelemewa na kazi.

Sheria ya kodi nayo inakuhimiza uwahi. Tangu Julai 2023, mtu binafsi anayepangisha huilipa Mamlaka ya Mapato ya Uganda (URA) asilimia 12 ya pango la mwaka linalozidi shilingi 2,820,000, na haruhusiwi kupunguza gharama za ukarabati kwenye hesabu hiyo. Ukiwa na vyumba vinne vya shilingi 200,000 kwa mwezi, pango la mwaka ni 9,600,000. Ondoa 2,820,000, zinabaki 6,780,000, na kodi yake ni 813,600. Utalipa hizohizo hata kama mwaka huo umeezeka paa zima upya, kwa hiyo ni heri kuziba tundu likiwa bado dogo. Kampuni zina hesabu yao tofauti. Hapa tunazungumza na mwenye vyumba vyake mwenyewe.

Anza juu. Bati lenyewe mara nyingi huwa bado zima. Kinachochoka ni mpira ulio chini ya kofia ya msumari. Jua huukausha, unapasuka, na maji yanapita pembeni mwa msumari. Usigonge msumari uleule urudi kwenye tundu lilelile, kwa sababu mbao imeshalegea. Ung'oe, weka skrubu nene zaidi yenye mpira mpya. Fundi akipanda, akanyage kwenye mstari wa misumari, ambako kuna mbao chini. Akikanyaga katikati, hasa kwenye bati jembamba la geji 30, atakuachia mikunjo itakayovuja msimu ujao. Na doa la dari lisikudanganye. Maji huteremka chini ya bati na kufuata mbao kabla ya kudondoka, kwa hiyo tundu litafute juu zaidi, upande wa kilele cha paa.

Kisha angalia maji ya paa yanaishia wapi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 60 za mraba likipigwa na mvua ya milimita 40 linamwaga lita 2,400, na nyumba isiyo na gata inazimwaga zote mguuni mwa ukuta. Gata iteremke walau sentimita moja kwa kila mita mbili, na chini kuwe na sakafu ya zege yenye mwinamo wa kutoka ukutani, upana wa sentimita 60 au zaidi.

Unyevu wa ukutani ndio unaopoteza pesa nyingi kuliko yote, kwa sababu watu hutibu rangi na kuacha maji. Ukianzia juu na kuongezeka mvua inaponyesha, ni paa. Ukipanda kutoka sakafuni hadi karibu na kiuno, plasta ikimomonyoka na kutoa unga mweupe wa chumvi, ni maji ya ardhini. Ukiwa haubadiliki kiangazi wala masika, shuku bomba: funga koki zote za maji, kisha tazama mita ya maji. Kigurudumu chake kidogo kikiendelea kuzunguka, kuna mahali panavuja.

Kwa unyevu wa ardhini, chukua jembe kabla ya brashi. Kwenye miteremko ya Kampala udongo mwekundu hushuka kila msimu na kurundikana nyuma ya nyumba mpaka unafunika ile plastiki nyeusi iliyowekwa ukutani kuzuia maji yasipande. Uchimbe uuondoe hadi uwe sentimita 15 chini ya plastiki hiyo, bandua plasta iliyooza, acha ukuta ukauke wiki kadhaa ndipo upige mpya. Ukipiga saruji juu ya ukuta uliolowa, unyevu hautoki. Unapanda juu zaidi.

Tangi la maji machafu linyonywe kila baada ya miaka mitatu hadi mitano, mapema zaidi kama vyumba vingi vinalitumia. Katika maeneo ya bondeni kama Bwaise jijini Kampala, maji ya ardhini huwa karibu sana, hivyo shimo hujaa mvua inaponyesha hata kama lilinyonywa juzi. Asiingie mtu ndani ya shimo kulisafisha. Gesi iliyomo huua kwa dakika chache, na mara nyingi humuua na wa pili anayeingia kumwokoa.

Mita ya Yaka, yaani ya umeme wa kulipia kabla, ikiwa moja kwa vyumba vyote, ugomvi ni suala la muda: anayepikia jiko la umeme na mwenye taa mbili hawawezi kuchangia sawa. Mfungie kila mpangaji mita yake ndogo, na usomaji wake uandikwe siku anapoingia.

Siku hiyohiyo zungukeni pamoja chumba hadi chumba. Andikeni kila ufa, kitasa na kioo, pigeni picha, kila mmoja abaki na nakala yenye sahihi. Bila karatasi hiyo hakuna wa kuamua kama sinki lilipasuka kabla au baada, na amana ndiyo inayogombaniwa. Rangi iliyopauka ni uchakavu wa kawaida, si deni la mpangaji. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya 2022 inataka upangaji wenye thamani ya shilingi 500,000 au zaidi uwe na mkataba wa maandishi, ingawa hata wa chini ya hapo tungeuandika.

Sheria hiyohiyo inakataza kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama. Kung'oa mlango au kuezua mabati ili ahame bado kunafanyika, na anayefanya hivyo humpa mdaiwa wake kesi ya kumshtaki. Pango likichelewa, andika notisi ya deni yenye tarehe, mpe mbele ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji au mtaa), tunza nakala pamoja na mkataba na risiti, kisha peleka vyote mahakamani.