Friza ya bia ya kegi nyumbani: dhana potofu na ukweli

Ushauri mbaya kuliko wote anaopewa mtu anayetaka kugeuza friza ya kulala, ile ya mfuniko juu, iwe ya kumiminia bia ya kegi, yaani ya pipa dogo la chuma, ni huu: toboa ubavuni, pachika koki, kazi imeisha. Tafadhali usitoboe. Mabomba ya gesi ya friza hizi mara nyingi yamezungushwa ndani ya kuta na huyaoni. Drili ikigusa moja tu, gesi imetoka na friza imekufa. Tena nyingi za siku hizi zinatumia R600a, gesi inayoshika moto.

Watengeneza bia wa nyumbani kule Marekani hung'oa mfuniko, wakaunda fremu ya mbao yenye kimo cha sentimita 15 hadi 20, wakaigandisha kwa silikoni kwenye mdomo wa friza, kisha mfuniko ukafungwa juu ya fremu. Koki zinapita kwenye mbao. Kimo hicho kinazipa nafasi pia kegi za Cornelius za lita 19, zile zilizokuwa za kampuni za soda kabla ya watu wa bia kuzirithi.

Wengine hudhani inatosha kuzungusha kitufe cha baridi hadi kiwango cha chini kabisa. Friza imeundwa kugandisha, na hata kwenye baridi ndogo kabisa bia itaganda. Inahitajika thamostati ya nje, kifaa cha kuwasha na kuzima friza kulingana na joto, inayokaa kati ya friza na soketi, ikiwekwa nyuzi 3 hadi 4 za Selsiasi. Kihisio chake, kile kinachopima joto, usikiache kining'inie hewani, maana kila ukifunua mfuniko kompresa itawaka bure. Kibandike ubavuni mwa kegi, ukifunike kwa kipande cha sponji. Na umeme? Unapungua, kwa sababu friza haihangaiki tena kufika nyuzi 18 chini ya sifuri.

Sasa povu, ambalo ndilo linalowakatisha tamaa wengi. Husemwa: bia ikitoa povu, punguza presha ya kaboni dayoksaidi, gesi ya mtungi inayosukuma bia kutoka kwenye kegi. Ni kinyume. Kwenye baridi hiyo, presha ya psi (kipimo cha presha) 10 hadi 12 ndiyo inayoishikilia gesi ndani ya bia. Ukiishusha, gesi inaachana na bia humo humo kwenye mpira unaoipeleka kwenye koki, utaona mapovu yakipanda, na baada ya siku kadhaa bia imepooza. Angalia kwanza urefu wa mpira: wenye tundu la milimita 5 unataka kama mita 3. Kisha angalia joto la koki. Hewa baridi hutuama chini, koki ziko juu, kwa hiyo glasi ya kwanza inajaa povu na ya pili inatoka safi. Ukiona hivyo, weka feni ndogo ya kompyuta isukume hewa ya chini kwenda juu.

Dhana ya mwisho ni kwamba kaboni dayoksaidi haidhuru kwa kuwa ndiyo iliyomo kwenye soda. Ni nzito kuliko hewa. Ikivuja, inajaa ndani ya friza kama maji kwenye beseni. Ukifunua mfuniko na pua ikachoma kwa ukali, usiinamishe kichwa humo. Acha wazi, pisha hewa, funga mtungi, halafu paka maji ya sabuni kwenye kila kiungo utafute kinachotoa viputo. Mtungi wenyewe usimame wima siku zote, kaboni dayoksaidi iliyo katika hali ya kimiminika isije ikaingia kwenye regyuleta, kifaa cha kurekebisha presha.